Ahadi ya Askari wa Mwisho

Mwaka 635 mji wa Damaski, uliokuwa chini ya Warumi wa Konstantinopoli, uliingiwa na majeshi ya Waislamu kwa malango mawili. Kwenye Lango la Mashariki, kwa mapokezi ya al-Baladhuri, mwanahistoria aliyefariki mwaka 892, Khalid bin Walid alikuwa amekwisha kuandikiana na askofu wa mji: watu watasalimika roho zao, mali zao na makanisa yao, ukuta wa mji hautabomolewa, wala hakuna askari atakayetiwa kukaa katika nyumba ya mtu, mradi wenyeji watoe kodi ya jizia. Upande wa pili, Abu Ubaida bin Jarrah aliingia Lango la Jabia kwa kupigana. Wapo wapokezi wanaolipindua simulizi hili, wakamfanya Khalid ndiye aliyevunja lango na Abu Ubaida ndiye aliyepatana, lakini kiini cha habari ni kile kile. Vikosi viwili vilikutana katikati ya mji, kimoja panga zikiwa alani na kingine zikiwa mikononi, na hapo likazuka swali zito: mji huu umetekwa, au umepatana?

Swali hilo lilikuwa na uzito wa mali. Mji uliotekwa kwa nguvu ulikuwa ngawira mikononi mwa walioushinda. Mji uliofunguliwa kwa sulhu haukudaiwa zaidi ya yaliyoandikwa. Kwa askari aliyelala nje ya kuta kwa miezi, hapo ndipo palipoamuliwa kama atarudi kwao na kitu au mikono mitupu. Baadhi yao wakasema Khalid si amiri tena, amiri ni Abu Ubaida. Itakuwaje maandishi ya Khalid yatufunge sisi? Abu Ubaida, ambaye katika simulizi hili ndiye aliyeingia kwa upanga na ndiye aliyekuwa na sababu ya kudai ngawira, akajibu kwa mafundisho ya Mtume kwamba Mwislamu wa daraja la chini kabisa akimpa mtu amani, amani hiyo inawafunga wote. Damaski nzima ikahesabiwa mji wa sulhu, pamoja na ule upande ulioingiwa kwa damu.

Uamuzi ule ndio ninaotaka kuutetea hapa, tena kwa wasomaji wa Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni, mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambao huenda wakajiuliza Damaski inawahusu nini. Tumezoea kusimulia kuanguka kwa miji kama habari ya mashujaa: nani alipanda ukuta, nani alivunja lango, nani alikufa akiwa ameishika bendera. Mimi naona ushujaa wa siku ile ni jambo dogo. Mji unaposalimu amri, wenyeji wake wanabadilisha kitu walicho nacho mkononi, yaani ukuta na uwezo wa kuendelea kukataa, kwa kitu ambacho hawajakiona, yaani neno la mtu. Baada ya lango kufunguliwa hawana tena cha kumshurutishia. Kwa hiyo kipimo cha kusalimu amri kipo kwa yule aliyepokea funguo: je, kesho yake, na mwaka ujao, na baada ya miaka 80, bado anajiona amefungwa na neno lake?

Damaski yenyewe ilipimwa kwa kipimo hicho. Kanisa la Yohana lilikuwa kati ya yale yaliyolindwa na mkataba wa 635, na Wakristo waliendelea kusali hapo kwa zaidi ya miaka 70. Kisha Khalifa al-Walid akataka kupanua msikiti. Akawapa Wakristo fedha, wakakataa. Akalichukua kwa nguvu, akajenga msikiti mkuu ambao hadi leo watu husafiri kwenda kuutazama. Ningeweza kuishia hapo na kusema mkataba ulikufa. Lakini alipotawala Umar bin Abdulaziz, kuanzia mwaka 717, Wakristo wa Damaski walimwendea na shauri lao. Hawakuja na jeshi, walikuja na hoja: hiki ni chetu kwa maafikiano ya babu zenu. Naye akaamuru warudishiwe. Waislamu wa mji wakafadhaika, maana walikuwa wamekwisha kusali na kuadhini humo, na mafakihi wao wakatafuta njia: makanisa ya viunga vya Ghuta, ambayo yalikuwa yamechukuliwa kwa nguvu na hayakulindwa na mkataba wowote, wapewe Wakristo, nao waache dai la kanisa la Yohana. Wakakubali, Khalifa akaidhinisha. Angalia jambo lililotendeka. Karatasi iliyoandikwa na majemadari waliokwisha kufa ilimfanya mtawala wa dola iliyotandaa kutoka Hispania hadi mipaka ya India akae chini kujadiliana na raia wasio na silaha. Makosa yalitendeka, na mkataba ndio uliowapa waliokosewa mahali pa kusimama.

Kuna pingamizi la wasomi ambalo siwezi kulipita kimya. Vitabu vinavyotusimulia haya viliandikwa miaka 200 na zaidi baada ya matukio, na mtafiti Mjerumani Albrecht Noth alionyesha kwamba mapokezi mengi ya miji iliyopatana na miji iliyotekwa yaliundwa na haja za baadaye, hasa haja ya kujua nani alipe kodi gani. Hilo ni kweli, na yeyote anayeusoma mkataba wa Damaski kama picha iliyopigwa siku ile anajidanganya. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inanisaidia zaidi kuliko inavyoniumiza. Kwa nini mafakihi wa karne ya pili na ya tatu ya Hijria wangehangaika kuchunguza kama mji fulani ulifungua lango au ulivunjiwa lango, isipokuwa walikuwa wakiishi katika jamii ambamo jibu lilikuwa na nguvu mbele ya mtoza kodi na mbele ya kadhi? Watu hawagombanii hati isiyo na thamani. Hata kama maneno ya Abu Ubaida yalinolewa na wapokezi, walioyanoa walitaka dola yao ihukumiwe kwa maneno hayo.

Tena si kila kitu ni mapokezi. Huko Vienna, katika maktaba ya taifa ya Austria, kuna kipande cha mafunjo kutoka Misri chenye tarehe ya Aprili 25, 643, wakati ambapo majeshi ya Amr bin al-As yalikuwa nchini humo kwa miaka michache tu. Kimeandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu. Ni risiti. Afisa aitwaye Abdallah bin Jabir anakiri kwamba amepokea kondoo 65 kutoka kwa watu wa Ihnasya kwa ajili ya askari wake, na kwamba kondoo hao wahesabiwe katika kodi wanayodaiwa. Kwangu mimi kipande hicho kina uzito kuliko nusu ya simulizi za vita. Jeshi lililoshinda, katika nchi iliyochoka, lingeweza kuwachukua kondoo hao na kwenda zake bila mtu wa kuliuliza. Badala yake mtu alikaa chini, akahesabu, akaandika kwa lugha ya mlipaji na kwa lugha ya mpokeaji, akatia tarehe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wa kawaida kuliko kwa wasomi: mapatano gani hayo, upanga ukiwa shingoni? Anayekubali kwa sababu asipokubali atakufa hajakubali, amelazimika. Sitaki kulipunguzia makali. Sulhu ya miji ile haikuwa ya walio sawa. Wenyeji walilipa, na waliowatawala hawakuwachagua. Ila tukisema kwa kuwa hapakuwa na usawa basi masharti hayakuwa na maana, tutakuwa tumemnyang'anya mnyonge kitu pekee alichobaki nacho. Al-Baladhuri anasimulia kwamba Waislamu walipolazimika kuuacha mji wa Hims kabla ya vita vya Yarmuk mwaka 636, waliwarudishia wenyeji kodi waliyokuwa wamekwisha kuitoza, kwa maelezo kwamba kodi ilikuwa badala ya ulinzi na ulinzi hawawezi tena kuutoa. Hapo upanga ulikuwa ule ule na wanyonge walikuwa wale wale. Kilichotofautiana ni kwamba mwenye nguvu alihesabu nguvu zake kuwa na deni ndani yake.

Pwani yetu ina ngome iliyohama mikono mara kadhaa, na kila mara kwa namna tofauti, kana kwamba historia ilitaka kutuwekea mifano mahali pamoja. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Mazingirwa yanayojulikana zaidi ni yale ya Waomani yaliyoanza Machi 13, 1696 na kwisha Desemba 13, 1698, miezi 33, na hayo yalikwisha bila maafikiano yoyote. Ndani ya kuta walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi zaidi yao, na makapteni walipokufa mmoja baada ya mwingine, ulinzi ulishikwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza. Njaa na maradhi viliua kuliko mizinga. Waomani walipopanda kuta usiku ule wa mwisho, waliobaki ndani walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole. Ni kisa cha kusisimua, na ndicho waongozaji wa watalii wanachokipenda. Kwa hoja yangu hakina mengi, kwa kuwa hapakuwa na neno lililotolewa wala neno lililovunjwa.

Mwaka 1729 una mengi. Wareno walikuwa wamerudi Machi 1728, wakipita katika ufa wa fitina za Waomani wenyewe na kwa msaada wa Pate. Hawakukaa miaka miwili. Aprili 1729 watu wa Mombasa waliinuka dhidi yao, wakaizingira ngome, na Novemba 26 kikosi cha Wareno kikasalimu amri. Aliyepokea funguo safari hii hakuwa sultani wala imamu wa ng'ambo. Walikuwa wenyeji, Waswahili wa mji wenyewe, watu waliokuwa na kisasi cha zaidi ya karne moja. Mji wao ulikuwa umechomwa na Wareno zaidi ya mara moja tangu 1505. Kama kuna watu waliokuwa na udhuru wa kuligeuka neno lao mara lango lilipofunguliwa, ni hao. Wakawaacha Wareno wapande vyombo na kwenda zao wakiwa hai. Sijui kwa nini watoto wetu hawafundishwi tarehe hiyo kama wanavyofundishwa ile ya 1698. Utawala wa Wareno kaskazini mwa Msumbiji ulikoma hapo, kwa mkono wa watu wa pwani, na kwa neno lililotunzwa.

Sasa uweke pembeni yake mwaka 1837. Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alikuwa amepigania Mombasa dhidi ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala, kwa miaka mingi bila kuipata moja kwa moja. Mauti ya liwali Salim bin Ahmed mwaka 1835 yakaigawa nyumba ya Mazrui, na mwaka 1837 Rashid bin Salim akaikabidhi ngome kwa maafikiano. Haukupita muda mrefu, Rashid na wakubwa wa ukoo wake, takriban 25, walikamatwa, wakatiwa merikebuni wakapelekwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Wanaomtetea Seyyid Said husema, na wana haki ya kusema, kwamba Wamazrui ndio waliotangulia kuvunja ahadi: mwaka 1828 walikubali askari wake wakae ngomeni, naye alipowapa kisogo wakawatoa. Nalikubali hilo kama maelezo, silikubali kama udhuru. Aliyeumwa na mkataba wa zamani anaweza kukataa kuandika mpya. Akishaandika mpya, akaipokea ngome kwa huo mpya, hawezi kuchukua faida ya mpya na kulipiza deni la zamani. Abu Ubaida alikuwa na udhuru mzuri kuliko huo pale Damaski, na hakuutumia.

Hasara yenyewe haikuwa ya Wamazrui peke yao. Walionusurika walikimbilia Gazi na Takaungu, na kwa miaka karibu 60 tawi la Gazi halikumwamini mtawala yeyote aliyezungumza kwa jina la sultani. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na masultani wa Zanzibar mmoja baada ya mwingine, kisha akapigana na Waingereza katika vita vya 1895 na 1896, hadi akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Simdai Seyyid Said damu yote ile. Vita vya 1895 vilikuwa na sababu zake, na Waingereza walizichochea. Lakini mtu aliyekulia katika nyumba ambayo wakubwa wake walitoka ngomeni kwa ahadi wakaishia kifungoni ng'ambo, utamwambia nini akuamini unapomwita aje mazungumzoni?

Nairobi haikuwahi kuwa na ukuta, ila Eastlands imewahi kuzingirwa. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, maelfu ya askari wa serikali ya kikoloni walizuia njia zote za mji, wakapita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini bila kushtakiwa. Huo ulikuwa utekaji mtupu, na haukujisingizia kuwa kitu kingine. Kinachonishughulisha zaidi ni namna nyingine ya kuuchukua mtaa, ile ya upole, ambayo Eastlands imeijua tangu kuzaliwa kwake. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili watu wa vijiji vya kwanza vya Waafrika, kile cha Mombasa, Maskini na Kaburini, waondolewe walikokuwa. Wengi wao walikuwa Waislamu, baadhi wametoka pwani, na walipewa viwanja vya kujenga bila hatimiliki. Zamu ya Pangani kuondolewa ikafuata mwaka 1938 na 1939. Wenye nyumba wa Pangani, miongoni mwao wanawake wengi waliojijengea kwa jasho lao, walihamishiwa mtaa mpya ambao leo unaitwa Shauri Moyo. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na chaguo waliloachiwa: kuhama au kutohama ni shauri la moyo wako. Iwe ndiyo asili yake au siyo, sijui jina la mtaa linaloeleza vizuri zaidi hali ya mtu anayeulizwa ridhaa yake wakati jibu limekwisha kuamuliwa.

Sasa Eastlands inapotakiwa kujengwa upya, nasikia pingamizi la tatu hata kabla halijatamkwa. Mpangaji wa nyumba ya kaunti si mji uliozingirwa, na mradi wa nyumba za bei nafuu si jeshi. Nyumba nyingi za Bahati, Mbotela au Maringo zimechakaa, vyoo vya pamoja vimezidiwa, na mji unaokua hauwezi kubaki na vyumba vilivyojengwa na wakoloni kwa ajili ya wanaume wasio na familia. Nakubali yote. Sipingi kujengwa upya kwa Eastlands, na ningefurahi kuona mtoto wa Makongeni akilala katika chumba chenye hewa. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya jeshi na mradi haiko pale tunapodhani. Familia inayotoka katika nyumba iliyokaliwa kwa vizazi vitatu, kwa sababu imeambiwa itarudi katika nyumba mpya, imefanya kile kile walichofanya watu wa Damaski: imetoa kilichopo mkononi kwa neno. Siku tingatinga inapomaliza kazi, haina tena ukuta. Na hapo pana hatari ile ile iliyojitokeza kati ya yale malango mawili, kwamba atatokea mtu aseme aliyewaahidi hakuwa na mamlaka: alikuwa gavana aliyepita, au afisa wa idara nyingine, au mwanakandarasi aliyebadilishwa. Jibu la Abu Ubaida linahitajika Nairobi kuliko lilivyohitajika Damaski. Ahadi iliyotolewa na wa chini kabisa kwa jina la serikali iwe imeifunga serikali.

Mahakama zetu zimewahi kukaribia hapo. Julai 2010 wapangaji wa Muthurwa, mtaa wa zamani wa reli, wengine wakiwa wafanyakazi waliostaafu na jamaa zao, walianza kubomolewa nyumba na hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa reli iliyokuwa ikimiliki ardhi hiyo. Walikwenda kortini. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao, ikiwamo ile ya makao iliyomo katika Katiba ya 2010, zilikuwa zimevunjwa. Hakusema wasiondoke kamwe. Aliwaamuru wamiliki na wapangaji wakutane, wakubaliane utaratibu wa kuondoka. Tangu mwaka 2016 sheria ya ardhi nayo inadai notisi ya maandishi ya miezi mitatu hata kwa mtu anayekaa mahali bila ruhusa. Notisi lakini ni tarehe ya kutoka tu, na anayetoka Kaloleni leo anahitaji pia tarehe ya kurudi.

Kwa hiyo ningeomba jambo moja, na si la gharama. Kabla ya mlango wowote kung'olewa, kila mpangaji apewe karatasi yake mwenyewe, si tangazo la kubandikwa ukutani mwa ofisi ya chifu wala hotuba ya baraza. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Iwe na nambari ya nyumba anayoiacha na ukubwa wa ile atakayopewa, kiasi cha kodi atakachosaidiwa kulipa huko anakohamia, siku atakayokabidhiwa ufunguo, jina na cheo cha aliyetia sahihi, na tarehe. Abdallah bin Jabir aliandika yote aliyopaswa kuandika juu ya kondoo 65, kwa watu ambao hawakuwa na namna yoyote ya kumlazimisha.